Kabla ya kuhamia Next.js 15

Ndugu zangu mnaotengeneza tovuti za nyumba za wageni hapa Lamu, mkihama toka Next.js 14 (mfumo wa kutengenezea tovuti) kwenda 15 kagueni kila fetch, yaani amri ya kuchota data. Tangu toleo hilo la Oktoba 2024, majibu ya fetch hayahifadhiwi tena akibani yenyewe: ukurasa wa kutafuta chumba uliokuwa ukichota bei akibani sasa unaziuliza upya kila mgeni anapoufungua. Kwa data isiyobadilikabadilika, andika cache: 'force-cache' ndani ya fetch.

Tena, Vercel, huduma ya kuendeshea tovuti mtandaoni, huweka fanksheni (msimbo unaoendeshwa kwenye seva) za mradi mpya Washington, D.C. usipochagua kwingine. Hifadhidata ikiwa Cape Town, kila swali linavuka Atlantiki kwenda na kurudi! Chagua cpt1, yaani Cape Town, kwenye mipangilio ya mradi, kisha pakia mradi upya kwenye Vercel ndipo mabadiliko yashike.