Kabla hujaziba dirisha la paa la gari linalovuja

Tone la kwanza likidondoka kutoka kwenye dari ya gari, mkono hukimbilia silikoni. Ndivyo nilivyofanya na gari langu. Fundi alizungushia kioo chote silikoni, kikawa hakifunguki tena, nami nikaona yameisha. Mvua kubwa mbili baadaye, ukikanyaga zulia mbele ya kiti cha dereva, maji yalikuwa yanapanda juu ya kiatu. Tangu hapo simruhusu mtu aguse mpira wa dirisha hilo kabla hajaangalia maji yanatokea wapi, na muhimu zaidi, yanatakiwa kutokea wapi.

Jambo ambalo wenye magari wengi hawaambiwi ni kwamba mpira unaozunguka kioo cha paa haukutengenezwa kuzuia maji yote. Kiasi fulani hupenya, na watengenezaji wanalijua hilo. Chini ya kioo kuna fremu yenye mfereji unaoyapokea maji hayo, na kwenye kona zake kuna vitundu vilivyounganishwa na mirija. Magari mengi yana mirija minne. Miwili ya mbele hushuka ndani ya nguzo zilizo pembeni mwa kioo cha mbele na kumwaga maji karibu na bawaba za milango au nyuma ya madigadi. Miwili ya nyuma hupita kwenye nguzo za nyuma na kutokea karibu na tairi au nyuma ya bampa. Majani, vumbi na ukungu vikiziba mrija mmoja tu, mfereji hujaa, maji hupanda ukingo na kumwagikia darini. Mpira unaweza kuwa mzima kabisa na gari likavuja vilevile.

Kwa hiyo kabla ya kulilaumu dirisha la paa, hakikisha maji ni ya mvua. Zulia likilowa hata siku za jua kali, hasa miguuni kwa abiria wa mbele, shuku kwanza mrija wa kutolea maji ya kiyoyozi. Majimaji yakiwa yanateleza, yana rangi na harufu ya utamuutamu, hayo ni ya rejeta, yanavuja kwenye kipasha joto nyuma ya dashibodi, na gari liende kwa fundi haraka. Milango nayo huingiza maji kwa kawaida, yakatokea kwenye vitundu vya chini. Ila nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava la mlango ikibanduka, maji huingia ndani na kulowesha zulia la pembeni. Buti likilowa, angalia pia raba za taa za nyuma.

Dalili ya dirisha la paa lenyewe mara nyingi huonekana unapofunga breki au unaposhuka mlima: maji yaliyotuama kwenye mfereji hukimbilia mbele na kukumwagikia karibu na taa ya dari. Madoa ya rangi ya chai kwenye kona za kitambaa cha dari yanasema hivyohivyo.

Sasa kipimo chenyewe. Egesha gari mahali tambarare, fungua kioo, na usafishe mfereji kwanza kwa mswaki laini na kitambaa kibichi. Usiruke hatua hii, kwa sababu maji ukiyamwaga juu ya uchafu utausukuma wote mrijani. Kisha chukua kikombe kidogo cha maji na umimine polepole kwenye kona moja, ukiangalia kitundu. Mrija mzima huyavuta, unayaona yakizunguka kidogo na kutoweka, na ndani ya sekunde chache mwenzako aliyechutama pembeni anayaona yakichuruzika nje. Maji yakisimama, mrija umeziba. Yakishuka bila kuonekana popote nje, acha kumimina papo hapo: huenda mrija umechomoka ndani, na kila tone linaishia chini ya zulia. Fanya hivyo kona moja baada ya nyingine, kwa sababu tatu kuwa nzima hakusemi lolote kuhusu ya nne.

Kuzibua kunahitaji mkono mwepesi. Nyuzi ya nailoni ya mashine ya kukatia nyasi, yenye unene wa milimita 2 hivi, inafaa sana ukiilainisha ncha yake isichane mrija. Ipitishe ukiizungusha, na ikigoma usilazimishe. Waya wa chuma hutoboa. Upepo wa kompresa ndio ninaouogopa kuliko yote: ukipulizwa kwa nguvu huuchomoa mrija kwenye kiungo chake juu ya dari, na kazi ya dakika kumi inageuka kuwa ya kushusha kitambaa chote. Ni afadhali kuunyonya uchafu kutoka mwisho wa chini kwa mashine ya kufyonzea vumbi. Kwenye mwisho huo baadhi ya magari yana kidomo cha mpira kilichopasuliwa, na tope hupenda kuganda hapo. Kikamue kwa vidole kabla ya kwenda mbali zaidi.

Mirija ikishapitisha maji, ndipo uuangalie mpira. Funga kioo juu ya kipande cha karatasi na ukivute. Kikitoka bila ubishi, pale mpira umelala au kioo kimekaa chini mno. Ukingo wa mbele unatakiwa ulingane na paa au uwe chini yake kidogo sana, wa nyuma uwe sawa au juu kidogo, na skrubu za pembeni hurekebisha kimo hicho. Mpira uliokauka upake kilainishi cha silikoni, ambacho ni tofauti kabisa na silikoni ya kuzibia. Grisi ya kawaida huuvimbisha.

Ikilazimu kufungua nguzo au kushusha dari, kumbuka kwamba magari mengi yana mifuko ya hewa ya usalama humo. Ondoa betri na usubiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, na kama huna uhakika mwachie fundi anayeijua. Hili silisemi kwa kutishana. Mfuko huo ukifyatuka usoni unaumiza vibaya.

Kuna kazi moja watu huiacha njiani: kukausha. Chini ya zulia kuna sponji nene, na juu yake pakionekana pakavu, sponji inaweza kukaa na maji wiki nyingi. Humo ndimo harufu ya ukungu inapoanzia, vioo vinapopatia mvuke asubuhi, na soketi za nyaya chini ya viti zinapooza taratibu hadi taa za tahadhari ziwake bila sababu inayoeleweka. Inua zulia, ibinye sponji kwa mkono, weka feni, acha milango wazi juani. Sponji ikiwa kavu hadi katikati, rudia kikombe kwenye kona zote nne kabla ya kurudisha zulia. Gari linalolala chini ya miti lipimwe hivyo kila miezi michache. Linalolala chini ya paa, mara moja kabla ya msimu wa mvua inatosha.