Somo: Kupima programu ipi ya sataranji ni kali zaidi

Michezo kumi haisemi kitu, hata programu A ikiifunga programu B 7 kwa 3. Andaa programu mbili zinazoelewa UCI (lugha ya mawasiliano ya programu za sataranji), cutechess-cli ya kuzipambanisha, na faili la nafasi za kuanzia. Hilo faili usiliruke: bila hilo programu zitarudia fungulio zilezile, mara nyingine mchezo mzima, nawe utahesabu mchezo mmoja mara hamsini.

1. Fungua kila programu peke yake kwenye terminal, andika uci. Ikijibu uciok, iko sawa.

2. Sawazisha masharti. Threads (nyuzi za prosesa) 1, Hash (kumbukumbu ya nafasi zilizokwisha kuonwa) MB 64 kwa zote, na kitabu cha fungulio cha ndani kizimwe. Moja ikiwa na Syzygy (hifadhidata ya majibu ya mwisho wa mchezo), ipe na mwenzake au zinyime zote.

3. Endesha, yote kwenye mstari mmoja:

cutechess-cli -engine name=A cmd=./A -engine name=B cmd=./B -each proto=uci tc=10+0.1 option.Threads=1 option.Hash=64 -openings file=nafasi.epd format=epd order=random -games 2 -rounds 500 -repeat -concurrency 3 -pgnout matokeo.pgn

tc=10+0.1 ni sekunde 10 kwa mchezo na 0.1 ya nyongeza kwa kila hatua. Kila nafasi inachezwa mara mbili kwa kubadilishana rangi, jumla michezo 1000. Concurrency (michezo inayoendeshwa kwa wakati mmoja) isizidi kori halisi za prosesa. Kwenye mashine ya kori 4 weka 3.

4. Soma matokeo pamoja na kosa lake (kiasi ambacho bahati inaweza kuyapotosha). Tuseme A imeshinda 290, sare 500, imefungwa 210. Hiyo ni asilimia 54, yaani Elo (pointi za ukali) +28, kosa ±15. A ni kali, hakuna ubishi. Sasa chukua uwiano uleule kwa michezo 100 (29, 50, 21): bado ni +28, ila kosa ni ±48, kwa hiyo huenda B ndiyo bora. Kulipunguza kosa kwa nusu kunadai michezo mara nne.

MASWALI

– Mkuu, kwa nini nisiweke kina 12 (kutazama hatua 12 mbele) kwa zote badala ya muda?

Kwa sababu kina 12 cha moja si kina 12 cha nyingine. Inayokata matawi mengi hufika huko upesi lakini imeona machache. Utaipendelea ile ya polepole.

– B inaishiwa muda kila mara. Ni mbovu?

Punguza concurrency hadi 1 kwanza, funga kivinjari, chomeka chaja. Ikiendelea, basi kasoro iko kwenye kodi yake ya kugawa muda.

– Nimebadilisha mstari mmoja tu wa kodi. 1000 inatosha?

Haitoshi, faida yake huwa Elo 2 au 3. Weka rounds 20000 na uongeze -sprt elo0=0 elo1=5 alpha=0.05 beta=0.05. Itasimama yenyewe LLR (uzito wa ushahidi) ikifika 2.94 (mabadiliko yamepita) au −2.94 (yamekataliwa). Usiikatishe eti kwa kuwa unaongoza.

– B ina Elo 3000 kwenye CCRL, orodha ya viwango vya programu za sataranji. A sasa ni 3028?

Hapana. Orodha ile ina wapinzani wengi, muda mwingine na mashine nyingine. +28 yako ni ya A dhidi ya B, kwa sekunde 10, basi.