Namna ya kuhakiki singo mpya: maelekezo ya fundi redio wa Mwanjelwa

Nyimbo mpya hutoka Ijumaa. Karibu dunia nzima ni hivyo tangu Julai 2015, kwa hiyo Alhamisi naweka bando, na saa sita usiku ikipita nazivuta singo (nyimbo zinazotolewa mojamoja) za wasanii wa kujitegemea, wale usiowasikia kwenye daladala za Uyole. Lakini siandiki siku hiyo. Anayeandika Ijumaa huwa anasifia upya wa wimbo tu.

Kazi yangu ni kutengeneza redio na spika, na uhakiki wangu unaanzia pale pale mezani. Sikiliza kwanza kwa spika kubwa, halafu kwa simu tupu. Spika ya simu haina besi ya maana. Wimbo ukibaki hai humo, basi sauti na gitaa vinajitosheleza. Ukifa, andika kwamba besi ndiyo iliyoubeba. Hilo si tusi, wengine hutunga wakitaka hivyo. Mvua ikipiga bati, acha kabisa. Mbeya mwezi Machi wimbo wa kunong'ona na gitaa moja unaweza kusubiri wiki.

Kisha kelele. Nyimbo nyingi za namna hii hurekodiwa chumbani, na mhakiki mvivu huandika "sauti mbovu" akafunga kazi. Chambua. Mngurumo mzito usiokatika, unaosikika hata msanii akinyamaza, mara nyingi ni umeme: waya wa gitaa au ethi, ule waya wa ardhini. Umeme wetu ni wa hezi 50, wa Marekani 60, kwa hiyo mngurumo wa kwao una noti ya juu kidogo kuliko wetu. (Mimi hufurahi nikiutambua. Mke wangu haoni cha kufurahia.) Mkwaruzo unaotokea ovyo, neno hili upo, lile haupo, ni maiki iliyozidiwa. Ila kuna mkwaruzo wenye mpango. Binti mmoja wa Tukuyu aliniletea wimbo wake kwenye flashi: sauti safi mwanzo mwisho, inapasuka pale tu anapomtaja baba yake. Hapo usiandike habari za mitambo. Jiulize sauti ile iliyopasuka inasema nini ambacho maneno hayakusema. Mimi nilimaliza nusu ya uhakiki kwenye neno hilo moja.

Taja dakika na sekunde. "Ngoma kali" haimsaidii msomaji. "Dakika ya pili ngoma zinanyamaza, anabaki yeye na zeze" inamfikisha. Pima pia utangulizi, yaani muziki wa kabla ya kuimba. Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30, na wengi wanakimbilia kiitikio kwa sababu hiyo. Anayekaa dakika nzima bila kuimba ameamua jambo, nawe useme kama subira yako imelipwa.

Ukifananisha, anza na kilicho karibu. Ukisikia ilimba, ala ya Wagogo ya kupigwa kwa vidole gumba, imefumwa na mitambo ya kielektroniki, usirukie bendi za Uingereza. Msafiri Zawose amefanya hivyo na muziki wa Wagogo, na msomaji wako anaweza kumtafuta leo leo. Wimbo ukiwa na Kisafwa au Kihehe usichokijua, muulize mwenye lugha kabla hujaandika maana.

Umiliki uangalie kwenye maelezo ya wimbo: alama ya P ndani ya duara hufuatwa na jina la mwenye rekodi. Likiwa la kampuni kubwa, usimwite msanii huyo wa kujitegemea hata akirekodi chooni.

Maneno 150 yanatosha. Nyota sitoi. Wimbo usioupenda, andika sekunde uliyotaka kuuzima na kilichokuwa kikilia wakati huo. Msanii akikujibu kwa matusi, na hutokea, mwache. Akikuuliza uliusikiliza kwa spika gani, mjibu.