Umeandikiwa dawa ya mifupa? Pima hivi kabla ya kukubali ama kukataa

Daktari ameandikia mamako alendroneti, ama amesema adungwe sindano ya mifupa kila miezi sita, halafu kabla hata mfike kwa kemisti mtu ashatuma voisi kwa grupu ya familia ati hiyo dawa inaozesha taya. Hapo ndio watu wengi wanakwama. Wengine wanaweka tembe kwa kabati na kunyamaza, wengine wanameza tu ju daktari amesema, na kusema ukweli sipendi hata moja ya hizo mbili. Mimi natembea na mamangu kwa hii mambo ya mifupa hapa Nakuru tangu ateleze kwa veranda akavunjika mkono, alianguka tu akiwa amesimama, hakuwa amepanda juu ya kitu chochote, na hapo ndio maswali yalianza. Naomba ushike hii: kabla uulize dawa inaweza kukufanyia nini, uliza mifupa yenyewe itakufanyia nini ukikaa bila dawa, halafu weka majibu yote kwa hesabu moja, ni watu wangapi kwa kila elfu moja.

Anza na hatari yako mwenyewe

Osteoporosisi, ule ugonjwa wa mifupa kuwa dhaifu ambao dawa hizi zinatibu, haiumi. Mfupa unaisha pole pole huko ndani na huskii kitu mpaka siku unavunjika, so usingoje maumivu ndio ujue uko nayo. Kitu yenye uzito sana ni kama umepita miaka 50 na ushawahi vunjika kwa kuanguka kidogo tu, iwe mkono, nyonga ama pingili ya mgongo. Hizi za mgongo ndio zinatupita sana, ju mtu anaanza kuinama, nguo zinamburuta chini, na sisi tunasema tu ni uzee. Shosho akiwa amepungua urefu kama sentimita 4 hivi, omba apigwe eksrei ya mgongo. Kuna mengine pia ya kutaja kwa daktari: mzazi aliyevunjika nyonga, hedhi iliyokoma kabla ya miaka 45, kutolewa ovari, kukonda sana, sigara, pombe nyingi, na prednisoloni uliyomeza zaidi ya miezi mitatu kwa sababu ya asma ama baridi yabisi. Kama uko kwa ARV, dawa za HIV, yenye tenofovir ya TDF, taja pia, ju inapunguza mfupa kiasi, lakini tafadhali usiache ARV kwa sababu hiyo, hata siku moja.

Kipimo chenyewe ni DEXA, picha ya kupima uzito wa mfupa, haiumi na unalala tu hapo dakika chache. Wanakupatia namba inaitwa T-skoo. Ikiwa ni -2.5 ama chini zaidi, hiyo ndio osteoporosisi, ikiwa kati ya -1 na -2.5 mfupa umepungua lakini haujafika huko. Mashine haiko kila hospitali, so piga simu kwanza kabla utoe mzazi Molo ama Olenguruone na matatu halafu mpate haifanyi. Na ukikosa DEXA usikate tamaa, kuna hesabu inaitwa FRAX, ilitoka Chuo Kikuu cha Sheffield huko Uingereza mwaka 2008, iko bure kwa intaneti na inafanya kazi hata bila picha. Inauliza umri, kilo, kama ushawahi vunjika, mambo ya wazazi, sigara, steroidi kama ile prednisoloni, halafu inakuambia uwezekano wako wa kuvunjika kwa miaka 10 ijayo. Ifanye na daktari, ju majibu yanabadilika kulingana na nchi mmechagua.

Sisi wa Nakuru tuko na jambo letu hapa na sijaona likiongelewa vya kutosha. Maji ya visima virefu huku Bonde la Ufa mengi yana floraidi juu ya kile kiwango cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita, na ndio maana unaona watu wengi waliokulia huku wako na meno ya kahawia. Hiyo floraidi inaingia kwa mfupa pia. Ikiwa nyingi na kwa miaka mingi, mfupa unaonekana mzito kwa picha lakini si lazima uwe na nguvu, ni kama chaki, ngumu ukiishika lakini ikianguka inakatika. Kuna utafiti wa mwaka 1990 walipatia wanawake floraidi kama dawa, uzito wa mfupa wa mgongo ukapanda sana, lakini kuvunjika kwa mgongo hakukupungua vile walitarajia na mifupa mingine ikavunjika zaidi. So kama umekunywa maji ya borehole miaka 30 na DEXA yako imetoka safi, lakini ushavunjika mfupa, usikubali kuambiwa uko sawa na mambo yaishe hapo. Mwambie daktari kuhusu maji.

Sasa weka namba kando kwa kando

Chukua alendroneti, ndio ya kwanza watu wengi wanaandikiwa na ndio ya bei nafuu, ile ya jina la kawaida iko na dawa ile ile kama ile ya jina kubwa. Utafiti mkubwa uliotoka 1996 ulichukua wanawake waliokuwa tayari na pingili ya mgongo imevunjika na kuwafuata kwa karibu miaka mitatu. Kwa kila 1,000 ambao hawakupata dawa, kama 22 walivunjika nyonga, kwa waliopata dawa ni 11. Mgongo, kwa eksrei, ni 150 bila dawa na 80 na dawa.

Geuka sasa uangalie ile taya ya kwa grupu. Kwa dosi za osteoporosisi, taya kufa kipande inakadiriwa kupata kati ya mtu 1 kwa 10,000 na mtu 1 kwa 100,000 kila mwaka. Kwa wale 1,000 wetu kwa miaka mitatu, kuna uwezekano mkubwa usipate hata mmoja. Zile voisi nyingi zinatokana na wagonjwa wa saratani, ambao wanapewa dawa za aina hii kwa dosi kubwa zaidi na mara nyingi zaidi, na huko hatari iko juu kweli. Kuna dhara lingine, mfupa wa paja kuvunjika bila ajali ya maana, hiyo ni kama watu 3 mpaka 50 kwa 100,000 kila mwaka, na inapanda ukikaa kwa dawa miaka mingi. Hata ukichukua makadirio ya juu, kwa watu 1,000 na miaka mitatu ni chini ya 2. Weka hiyo kando ya nyonga 11 na migongo 70 iliyookolewa. Na nyonga si mchezo, ni wiki nyingi kitandani, ni familia kuuza kitu, na tafiti za nje zinaonyesha karibu mmoja kwa watano anafariki ndani ya mwaka.

Lakini angalia vizuri, hao walikuwa wanawake ambao tayari wamevunjika, na karibu wote wazungu wa Marekani. Wanawake weusi kwa wastani wanavunjika nyonga mara chache kuliko wao. So kama uko na miaka 55, hujawahi vunjika, T-skoo ni -1.7 na hakuna kingine, hatari yako ni ndogo, na nusu ya kitu kidogo ni kidogo zaidi. Hapo mimi ningesema hakuna haraka ya dawa: kula omena na mifupa yake, maziwa, mala, sukuma, tembea, fanya mazoezi ya kubeba uzito, toa ule mkeka unateleza bafuni, weka taa kwa njia ya choo, halafu upimwe tena baada ya miaka miwili hivi. Lakini kama ushavunjika nyonga ama mgongo, kukataa dawa kwa sababu ya taya ni kukimbia kitu kidogo ukaangukia kikubwa.

Kabla ya tembe ya kwanza

Nenda kwa daktari wa meno. Hii msiruke, hasa sisi wa meno ya floraidi ambayo yanavunjika na kuoza. Jino la kung'olewa ling'olewe sasa, fizi ipone, ndio uanze, ju hiyo shida ya taya mara nyingi inaanzia hapo pa kung'oa jino. Pima figo, uwezo wa figo kusafisha damu ukiwa chini ya mililita 35 kwa dakika, alendroneti haikufai. Pima kalsiamu na vitamini D pia kama unaweza, zikiwa chini zirudishwe kwanza. Mtu mwenye shida ya koo la chakula, chakula kinakwama ama kurudi, ama hawezi kukaa wima nusu saa, aombe dawa nyingine.

Namna ya kumeza ndio watu wanaharibu sana. Ni tembe moja ya miligramu 70 kwa wiki, asubuhi tumbo likiwa tupu, glasi nzima ya maji matupu, halafu usilale na usile kwa dakika 30. Mamangu alichagua Jumatano. Wiki ya kwanza alinishika na swali jikoni, "Kwani chai iko na ubaya gani, si ni maji tu na majani?" Nikamwambia, "Mum, yale maziwa yanashika dawa tumboni, haifiki kwa mfupa, utakuwa umemeza bure." Siku hizi akimeza anatoka nje kulisha kuku ndio asishawishike kurudi kitandani, akimaliza chai iko tayari. Tembe za kalsiamu anameza jioni.

Kama tumbo halitaki tembe, kuna dripu ya asidi ya zoledroniki, mara moja kwa mwaka. Hiyo ya kwanza inaweza kukupatia homa na mwili kuuma siku mbili tatu, kama theluthi ya watu wanapata, so kunywa maji na uulize kama unaweza kumeza panadol. Figo ziangaliwe hapa pia.

Denosumabu, ile sindano ya kila miezi sita, inasaidia vizuri, lakini kuwa makini nayo kuliko zote. Ukichelewa ama ukiacha ghafla, mfupa unarudi nyuma kwa kasi na watu wamevunjika pingili kadhaa kwa mpigo. Kwa hivyo usianze kama hujui pesa ya sindano ijayo inatoka wapi. Uliza SHA, bima ya afya ya serikali, italipa nini kwa hospitali yako, uliza kama kemisti ya mjini inaiweka wakati wote, na uliza daktari hapo hapo: siku ya kuacha, tutahamia dawa gani? Kama figo zimeharibika sana, inaweza kushusha kalsiamu vibaya, Marekani waliiwekea onyo kali Januari 2024.

Hizi za kina alendroneti si za maisha yote kwa kila mtu. Zinabaki kwa mfupa hata ukiacha, so baada ya miaka 5 ya tembe ama 3 ya dripu rudi mkae chini tena, kama hatari imeshuka unaweza kupumzika, kama bado uko juu unaendelea. Andika huo mwaka nyuma ya kadi ya kliniki leo, ju daktari utakayempata wakati huo pengine si huyu. Na katikati hapo, ukianza kuskia maumivu ya paja ama kinena ambayo hayaishi, hata kama unatembea vizuri, usiseme ni baridi ya Nakuru. Nenda upigwe eksrei, na uombe wapige mapaja yote mawili, ju inaweza kuwa ule mfupa wa paja niliotaja umeanza kupasuka, na ufa wa aina hii unaweza kuwa pande zote mbili.