Harufu ya mayai viza ikitoweka ghafla, toka

Wewe unayechakata ngozi: ile dawa ya kunyonyoa manyoya, sodiamu salfaidi, ikikutana na tindikali hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi. Mwanzoni inanuka mayai viza. Ikizidi, pua inakufa ganzi, harufu inapotea, nawe unadhani hewa imetakata. Hapo ndipo inapoua. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama chini, kwenye mashimo ya majitaka na ndani ya mapipa ya kuzungushia ngozi.

Mwenzako akianguka humo, tafadhali usimfuate bila kifaa cha kupumulia chenye mtungi wake wa hewa. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Piga kelele, ita waokoaji. Kama alifunga kamba kiunoni, mvuteni kutoka juu.