Saspensheni ya gari la porini kwa mfuko mdogo: anza na mizani

Wengi wanaokuja kwangu hapa Nakuru kutaka saspensheni mpya huja na picha kwenye simu. Gari limeinuliwa juu kama ngamia, tairi zimetokeza nje ya fenda, paa limejaa taa. "Fundi, yangu ikae hivi." Mimi huuliza: siku ukisafiri na familia, gari lako lina kilo ngapi? Sijampata bado aliyenijibu papo hapo.

Springi hununuliwa kwa kilo za gari na mzigo wake. Anayenunua kwa urefu hununua mara mbili, na mara ya pili huwa hana pesa. Kwa hiyo mpango ninaouandika hapa unaanzia mbali kidogo na duka la spea. Unafaa Prado, Hilux, Land Cruiser, Jimny, Pajero au Defender, na umekusudiwa mtu anayelipa kwa awamu, mshahara hadi mshahara.

Hatua ya 1: Andika njia zako, si ndoto zako

Chukua daftari. Andika safari zote ulizofanya na gari hilo mwaka uliopita. Usiandike zile utakazofanya ukishinda bahati nasibu. Nilipomwambia mteja mmoja afanye hivyo, iligundulika kwamba safari tisa kati ya kumi zilikuwa lami hadi shambani Subukia, na moja tu ndiyo iliyokuwa mawe ya kweli. Alikuja akitaka springi za inchi nne. Aliondoka na bushi mpya (zile raba za kwenye maungio ya saspensheni) na tairi nzuri.

Kila njia ina adui wake. Huku kwetu adui ni vumbi la majivu ya volkeno, laini kama unga wa sembe. Husemwa kwamba hata jina la Nakuru limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi. Vumbi hilo linaingia kwenye mpira wa shoki, kile kifaa kinachotuliza mdundo wa springi, na kuusugua kila fimbo yake inapopanda na kushuka. Ukielekea Kuresoi au Mau Narok wakati wa mvua, shida ni matope na mitaro. Hapo unahitaji gurudumu linaloweza kushuka mbali likibaki limegusa ardhi. Udongo mweusi wa Kano kule Kisumu hauhitaji springi hata kidogo, unahitaji tairi na busara ya kugeuza gari mapema. Na kuteremka kwa mawe kuelekea geti la Emsos la Ziwa Bogoria kunahitaji shoki zisizochoka.

Hatua ya 2: Pima

Hapa usikimbie, kwa sababu ndipo pesa inapookolewa.

Tafuta mizani ya malori. Viwanda vya kusaga nafaka na machimbo ya mawe huwa nayo, na ukienda wakati hakuna foleni ukaomba kwa adabu, hukatazwi. Pima gari tupu likiwa na tenki lililojaa. Kisha panda mbele tu, magurudumu ya nyuma yakiwa nje ya mizani, uandike. Rudia kwa nyuma. Siku nyingine fanya hivyo hivyo ukiwa umepakia kama unasafiri. Sasa una namba ambazo muuza springi yeyote anayejua kazi yake atakuuliza.

Halafu gawa mzigo wako mara mbili: mzigo wa kudumu, ule usioshuka kamwe, na mzigo wa safari. Chukua Hilux ya milango minne iliyopambwa kidogo. Bampa la chuma kilo 60, winchi 35, hema la paa 60: hizo ni 155 zinazokaa Jumatatu hadi Jumapili. Ongeza maji lita 40, ambayo ni kilo 40. Jerikeni mbili za dizeli za lita 20, karibu kilo 34 kwa sababu dizeli ni nyepesi kuliko maji. Na watu wanne, tuseme 280. Jumla 509. Nusu tani na kidogo, na bado hujaweka chakula wala masufuria.

Springi huchaguliwa kwa mzigo wa kudumu pamoja na sehemu tu ya ule wa safari. Ukichagua kwa ajili ya siku nzito kuliko zote, siku nyingine zote gari litakurusha kama punda, na gurudumu linalorukaruka halishiki barabara. Nina mkulima wa viazi anayebeba magunia 12 ya kilo 50, kilo 600, kila Jumanne. Siku nyingine sita anapeleka watoto shule. Yeye hatukumfungia springi za lori. Tulimwekea za wastani pamoja na mifuko ya upepo ndani ya mfumo wa nyuma, anaijaza Jumanne na kuipunguza Jumatano.

Jambo moja zaidi: springi ngumu haziongezi uzito ulioruhusiwa na mtengenezaji. Breki, ekseli na chesi ni zile zile. Namba ya juu kabisa iko kwenye kitabu cha gari; iheshimu.

Kabla hujaondoka kwenye uwanja tambarare, pima pia urefu: kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne. Usipime kutoka chini, kwa maana upepo wa tairi utakudanganya. Upande wa dereva ukiwa chini kuliko mwingine kwa sentimita mbili, huenda springi imekufa au kuna kitu kimepinda.

Hatua ya 3: Tafuta kilichokufa tayari

Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi imara (si mawe, tafadhali, nimeona mengi), kisha pitisha mtaimbo kwenye kila bushi na uusukume. Raba iliyopasuka itajifunua. Shika gurudumu saa sita na saa kumi na mbili, litikise: mchezo hapo ni beringi, boli jointi au kingpini (pini ambayo gurudumu hugeukia). Shika saa tatu na saa tisa: mchezo hapo mara nyingi ni tairodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu. Angalia shoki, unyevu wa mafuta uliokamata vumbi ukawa kama ugali mweusi maana yake mpira wake umeachia.

Wenye Jimny wasikilize hapa. Usukani ukianza kutetemeka vibaya kwenye kasi ya kilomita 70 hivi, wengi hukimbilia kununua shoki ya usukani. Hiyo inaficha ugonjwa. Anza na balansi ya magurudumu, kisha beringi za kingpini, kisha bushi za ile fimbo inayoshikilia ekseli isiende upande. Nimetibu Jimny kadhaa bila kugusa springi.

Kama bajeti yako ni ndogo sana, awamu ya kwanza iishie hapa. Bushi zote mpya na boli jointi nzima hubadilisha gari kuliko watu wanavyoamini. Ni kazi isiyopigwa picha, ndiyo maana haina mashabiki.

Hatua ya 4: Upepo wa tairi

Tairi ni springi ya kwanza ya gari na haikugharimu chochote cha ziada. Nunua geji nzuri na pampu ndogo ya umeme wa gari. Kwenye barabara yenye makunyanzi kama bati, punguza upepo kiasi, punguza na mwendo, utashangaa. Ukirudi lami, jaza kabla hujakanyaga mafuta.

Hatua ya 5: Shoki

Shoki haibebi uzito. Nalirudia hili kila wiki. Springi ndiyo hubeba. Kazi ya shoki ni kuituliza springi isiendelee kudunda, na hufanya hivyo kwa kugeuza mtikisiko kuwa joto ndani ya mafuta yake. Ukiendesha saa nzima kwenye makunyanzi, mafuta huchemka, hutoa povu, na gari huanza kuelea kama mtumbwi. Simama, shika shoki kwa tahadhari, utajua nasema nini.

Kuna za mirija miwili na za mrija mmoja. Za mrija mmoja hupoa haraka na hukawia kuchoka, lakini mrija huo huo ukibonyezwa na jiwe, kwisha. Za mirija miwili ni nafuu na huvumilia kipigo cha nje. Kwa mtu wa mfuko mdogo ambaye safari nyingi ni lami na murram, za mirija miwili za jina linaloaminika, mfano KYB, zinatosha kabisa. Anayebeba mzigo mwingi na kwenda mbali aanze kuangalia majina kama Old Man Emu au Ironman, na anunue shoki na springi zilizobuniwa pamoja, kwa sababu shoki laini haiwezi kuizuia springi ngumu.

Nunua jozi kila mara, mbili za ekseli moja. Pesa ikitosha jozi moja tu, anza na ekseli ambayo shoki zake zinavuja. Kama zote ni sawa, anza na inayobeba mzigo. Za mtumba usinunue. Injini ya mtumba nitakutafutia, shoki ya mtumba hapana.

Hatua ya 6: Springi

Kwa springi za koili, zile za chuma kilichozungushwa, peleka zile namba za mizani dukani. Muuzaji akikuuliza tu "unataka inchi ngapi?", mshukuru uondoke.

Kwa springi za mabamba, zile zilizopangwa tabaka kama chapati nyuma ya Hilux, una njia tatu. Kununua seti mpya ndiyo bora na ghali. Kuongeza bamba moja hufaa kama chuma cha zamani bado kina nguvu, ila liwe bamba la unene na mkunjo unaolingana na wenzake. Njia ya tatu ni ile maarufu ya jua kali: springi inapelekwa kwa fundi, inapigwa nyundo mpaka irudishe upinde wake. Siwadharau, wengine ni mafundi hasa. Lakini chuma cha springi kinapata nguvu yake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Kikipigwa tu bila kurudishiwa nguvu hiyo, kitalala tena baada ya miezi michache, au kitapasuka. Uliza: baada ya kupinda, unakipasha na kukipoza vipi? Jibu litakuonyesha kama uache springi zako hapo.

Hatua ya 7: Urefu, mwisho kabisa

Milimita 40 hadi 50 zinatosha magari mengi yanayotumika kila siku. Zaidi ya hapo unaanza kulipia madeni: pembe za propela, mabomba ya breki yanayovutika, usukani usiorudi katikati, na ile fimbo inayoshikilia ekseli, ambayo huisogeza ekseli nzima upande mmoja gari linapoinuka.

Niliingia mtego huu mwenyewe. Nikiwa na Prado 95 na pesa kidogo, nikaweka vipande vya chuma juu ya shoki za mbele badala ya springi mpya. Sikujua wakati ule kwamba kwenye gari lenye mikono ya kujitegemea mbele, yaani kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake, kipande cha milimita 25 hutoa karibu mara mbili yake gurudumuni. Mimi niliweka cha 40. Gari lilipendeza. Safari ya pili ya Bogoria, mpira wa sivi-jointi, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini gurudumuni, ukapasuka kwa kukaa kwenye pembe kali, grisi ikamwagika, vumbi likaingia. Narudi kupitia Mogotio nasikia tak-tak-tak kila nikikata kona. Nililipa sivi-jointi mbili, na ile pesa ingeninunulia springi sahihi tangu mwanzo.

Ukibadilisha urefu, mjulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi. Ni barua ya dakika kumi.

Hatua ya 8: Siku ya kufunga

Shoki za mirija miwili zisimamishe wima, zisukume na kuzivuta mara tano sita kabla ya kufunga, ili hewa iliyoingia zikiwa zimelazwa itoke. Yu-bolti za springi za mabamba, zile zinazozibana kwenye ekseli, nunua mpya. Za zamani zimeshavutika, usizirudishe.

Na hili hukosewa hata na mafundi wa miaka mingi: bolti zinazopita kwenye bushi za raba usizikaze mwisho gari likiwa hewani. Zishike tu kwa mkono, shusha gari chini, lisukume juu na chini mara kadhaa, ndipo ukaze kwa spana ya kipimo. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, raba hubaki imejikunja muda wote na haimalizi msimu.

Siku inayofuata, alaimenti. Baada ya kilomita 500, rudia kukaza yu-bolti. Baada ya mwezi, rudi kwenye uwanja ule ule tambarare, pima tena habu hadi fenda pembe zote nne, na uandike chini ya namba za mwanzo. Springi mpya hushuka kidogo, milimita tano au kumi hivi. Ikishuka zaidi, rudi dukani na lile daftari mkononi.