Kuelewa maneno ya misimu ya wavulana katika Lord of the Flies

Anayesoma Lord of the Flies, riwaya ya William Golding ya mwaka 1954 kuhusu wavulana wa Kiingereza waliokwama kisiwani, asitegemee kamusi peke yake, kwa kuwa wavulana wale wanaposema "wizard" hawamtaji mchawi yeyote, bali wanashangilia kama anayesema "safi sana". Atazame kwanza ni nani anayesema na yuko katika hali gani. Zaidi ya yote, ayasikilize kwa makini maneno ya Piggy, mmoja wa wavulana hao: anaposema "them fruit" badala ya "those fruit", na mwenzake Ralph anapoidhihaki lafudhi yake kwa kuiita pumu ("asthma") "ass-mar", hayo si makosa ya mchapaji, bali ni alama za tabaka la chini la jamii ya Kiingereza alikotoka Piggy, na kwa maoni yangu ndiyo sababu mojawapo ya wenzake kumdharau tangu sura ya kwanza.